Kilo za Nadhiri

Mwanjelwa, Mbeya
9 Februari 2025

Dada yangu mpendwa Sabina,

Bwana asifiwe sana. Kamwene. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji na wote hapo Ilula. Mguu wako ulioteguka shambani unaendeleaje? Usiukanyagie kabla haujapona, nakujua wewe. Huku mvua haikatiki, matope mpaka chini ya meza ya nyanya. Matenga mawili uliyotuma na fuso la Sosthenes yalifika salama, na wateja wanazisifia nyanya zako kuliko wanavyonisifia mimi ninayeziuza.

Utashangaa kuona barua. Dada, simu yangu siku hizi haisikiki mpaka niweke spika, na nikiweka spika nyumba nzima inasikia. Na haya ninayotaka kukuambia sitaki nyumba nzima isikie.

Alhamisi nilikwenda hospitali kwa ajili ya magoti. Nesi akanipandisha kwenye mizani: tisini na sita. Akanipima presha, akahamia mkono wa pili kama vile haamini wa kwanza. Daktari alikuwa mama wa makamo kama mimi, hakunificha. "Mama Bupe," akasema, "kifua kikuu kilitaka kukuua kwa kukukondesha. Ukapona. Sasa unataka kufa kwa kunenepa? Sukari iko mlangoni, inabisha hodi." Akasema nishuke pole pole mpaka themanini. Nusu ya sahani iwe mboga, ugali usizidi ngumi yangu, na nitembee kila siku. Nikacheka. Halafu nikalia palepale kitini.

Maana nitashukaje katika nyumba hii, dada?

Ile nadhiri ya mama mkwe uliisikia kwa simu tu, hukuwepo. Ilikuwa Sikukuu ya Mavuno, mwaka 2022. Mimi ninakohoa, nina kilo thelathini na nane, nimeegemezwa kwenye benchi kama mwavuli. Mama mkwe akasimama mbele ya usharika akasema: "Bwana akiniachia mkwe wangu huyu, kila mavuno nitamletea mahindi uzito wake, kilo kwa kilo." Akanirudisha nyumbani, akanilisha kwa kijiko miezi sita. Alinifunga uzi mweusi mkononi, kama wanavyowafunga watoto wachanga, ajue kama ninaongezeka. Siku uzi ule ulipokatika wenyewe alipiga vigelegele mpaka majirani wakaja wakidhani kuna posa.

Basi kila mwaka napandishwa kwenye mizani ya mahindi katika uwanja wa kanisa, watu wote wanaangalia. Mwaka 2023 sitini na sita. Mwaka jana tisini na moja, kina mama wakaimba wakinizunguka. Na mzee Isakwisa, mzee wetu wa kanisa anayeshika mizani, ameshatangaza, "Mwaka huu Lea anajaza gunia!" Mama mkwe anacheka, anasema gunia la kilo mia ameshalitenga.

Sasa nikisimama pale nimepungua, watu watasema nini? Watasema ugonjwa umerudi. Au watasema Bwana ameondoa mkono wake. Na yule mama ataiweka wapi sura yake?

Ezron nimemwambia alichosema daktari. Akasema tu, "Kwa mama, ongea wewe." Unamjua mume wangu, anajenga kuta za watu mpaka amekuwa kama ukuta.

Nishauri, dada.

Mdogo wako,
Lea


Ilula
21 Februari 2025

Mdogo wangu Lea,

Kamwene. Barua nimeipata kwa Sosthenes ikiwa imelowa nyanya lakini inasomeka. Sisi wazima. Mguu unauma asubuhi, mchana unasahau. Wasalimie Ezron na Bupe, na mama mkwe umpe shikamoo yangu.

Nimesoma nikacheka kwanza, unisamehe. Watu wanafunga na kuomba wanenepe, wewe unaandika barua ya siri kwamba umeshiba! Nilipomsomea shemeji yako akasema, "Mwambie atuletee hizo kilo huku, tutazipangia kazi ya kupalilia."

Halafu nikaacha kucheka. Lea, mwaka ule nilipokuja kukuona nilipanda basi na kitenge cheusi chini ya begi. Sijawahi kukuambia. Nilijua naja kuzika. Nikamkuta yule mama amekuegemeza kifuani kwake kama mtoto, anapuliza uji. Kwa hiyo usiniambie nimchukie, siwezi.

Lakini ya daktari ni ya daktari. Kula mboga. Tembea. Mwambie mama mkwe waziwazi, "Mama, daktari amesema." Na usianze ujanja wako. Ni wewe uliyevaa sweta tatu na sketi mbili miezi minne ili tusione mifupa, unasingizia baridi ya Mbeya. Kama mama mkwe asingekukuta siku ile unaoga ungekuwa udongo sasa hivi.

Sema ukweli mapema, mdogo wangu.

Dada yako,
Sabina


Mwanjelwa, Mbeya
18 Mei 2025

Dada yangu Sabina,

Bwana asifiwe. Habari za vitunguu? Nasikia bei imeanguka mpaka Ruaha Mbuyuni, poleni sana. Huku tu wazima, Bupe amefaulu mitihani ya muhula, amekuwa wa sita.

Umenyamaza na mimi nimenyamaza, kwa sababu nilikuwa naona aibu. Nilijaribu kusema kama ulivyoniambia. Siku hiyo mama mkwe alikuwa amepika ndizi za nazi na kuku mzima, amenitengea sahani yangu ile kubwa yenye maua, ile aliyoninunulia nilipoanza kula mwenyewe. Nikasema, "Mama, daktari amesema nipunguze."

Akauliza, "Upunguze nini?"

"Chakula, mama. Mwili umezidi."

Akaniongezea paja la kuku kwenye sahani. "Daktari huyo ni yuleyule aliyesema mwaka ule hutafika Krismasi?"

"Siye, mama. Ni mwingine."

"Basi wote wamesoma shule moja. Kula, mwanangu. Mimi nilikuona ulipokuwa huna mwili. Yeye hakukuona."

Nikala. Ningefanyaje? Mkono ulionilisha kwa kijiko, nitausukumaje?

Tangu hapo nimepata njia, usinicheke. Naondoka na kindoo chenye mfuniko. Asubuhi naaga kwamba chakula nitakula mezani kwangu sokoni, mama mkwe anajaza kindoo mpaka juu, na mimi napita kwa mama Evarista nawamwagia nguruwe wake. Anadhani ni mabaki ya mgahawa. Juzi akaniambia, "Mama Bupe, yule dume amenawiri sana tangu uanze kumhurumia." Dada, yule nguruwe ananenepa kwa niaba yangu.

Sokoni nakula mchicha na kipande cha kiazi. Jioni natembea kwa miguu mpaka nyumbani, nasema nauli nimeisahau. Na Mungu ni mwaminifu: magoti yamenyamaza. Kliniki ya mwezi huu nimekuta themanini na tisa, presha imeshuka, daktari akanipigia makofi. Nilitoka pale natembea kama msichana.

Lakini kwenye duka la Silvester, yule wa sukari na unga, nikasikia sauti nyuma yangu, "Mama Bupe kama amepungua shingo?" Mwenzake akajibu, "Nyamaza, unataka kumtia hofu?" Na mama mkwe ameanza kunitazama ninapovaa. Jumapili alinishika kiwiko wakati wa kuinuka kwa sala, akakibonyeza kama mtu anayechagua parachichi.

Sikukuu ya Mavuno ni Julai 27. Usiku silali, nahesabu kilo.

Mdogo wako anayekutegemea,
Lea


Ilula
8 Julai 2025

Mdogo wangu Lea,

Kamwene. Tu wazima, baridi imetubana, asubuhi maji yanauma vidole. Nakuombea.

Nimefikiri sana na sijapata la maana zaidi ya hili, na Mungu anisamehe. Kati ya matenga yanayokuja na barua hii, chini kabisa ya lile lenye kamba nyekundu, kuna soksi mbili za shemeji yako. Ndani yake kuna mawe ya mizani yangu, mawili ya chuma, kila moja kilo mbili. Kwa ujumbe wako wa juzi, sasa wewe ni themanini na nane. Ukiyafunga kiunoni chini ya gauni unakuwa tisini na mbili. Umepanda kilo moja kuliko mwaka jana. Hakuna atakayesema umepungua, na mama yule atafurahi. Gunia halitajaa, lakini mwambie mama kwamba Bwana anajaza kwa wakati wake.

Najua nilikukataza ujanja. Nilikukataza mwezi wa pili. Sasa ni mwezi wa saba, na nikifikiria watu wanavyokutazama pale uwanjani, moyo wangu unakataa.

Ni mara moja tu. Baada ya mavuno unamkalisha chini mama mkwe taratibu, unamweleza. Na mawe yangu nirudishie haraka, ndiyo ninayopimia vitunguu.

Dada yako,
Sabina


Mwanjelwa, Mbeya
28 Julai 2025

Dada yangu Sabina,

Bwana asifiwe. Natumaini hamjambo. Mimi mwili mzima, ila moyo sijui niuweke wapi.

Nilivaa. Nilifunga zile soksi kwa upande wa khanga, moja kila nyonga, juu nikavaa gauni la sare ya kina mama, lile la zambarau. Njia nzima zilinigonga kama mtu anayebisha hodi tumboni. Kwenye ibada nilishindwa kupiga magoti. Mchungaji aliposoma somo nilisikia mizani, mizani tu, ingawa hakulitaja neno hilo. Wewe unajua Maandiko yanavyosema juu ya mizani ya hila. Sikuwa na haja ya kusomewa.

Tukatoka uwanjani. Mzee Isakwisa akaita, "Aliyetoka kaburini apande!" Nikapanda. Akakisukuma kile chuma cha mizani kidogo kidogo, watu wananyoosha shingo, hata watoto. "Tisini... na mbili!" Dada, vigelegele! Wanawake wakanitupia khanga mabegani. Mama mkwe alikuwa na debe lake mkononi, akalia. Akamimina yeye mwenyewe mahindi mpaka mizani ikasoma tisini na mbili, hakutaka mtu amsaidie, na umri ule. Na mimi nasimama pembeni nimebeba chuma cha vitunguu chini ya sare ya kanisa.

Tena nilipokuwa nashuka pale juu, jiwe moja liligonga chuma cha mizani, ng'! Mzee Isakwisa akasema, "Funguo za sokoni hizo, hata siku ya Bwana hamwachi biashara?" Watu wakacheka. Nikacheka nao.

Nilifika nyumbani, mgongo unawaka. Nikaingia chumbani. Mama mkwe akaja nyuma yangu kunifungua zipu, kama anavyofanya siku zote tangu nilipokuwa mgonjwa. Nikasema, "Acha mama, nitafungua mwenyewe." Akasema, "Tangu lini?" Mkono wake ukapita kiunoni, ukakuta fundo.

Hakupiga kelele. Alifungua fundo, akatoa soksi, akatoa mawe, akayaweka kitandani. Hajui kusoma, lakini namba anazijua. Akaweka kidole kwenye ile mbili, kisha kwenye mbili nyingine. "Nne," akasema. Akaketi.

Siwezi kuendelea leo. Niombee.

Mdogo wako,
Lea


Ilula
25 Agosti 2025

Mdogo wangu Lea,

Kamwene. Hamjambo? Mwezi mzima kimya. Nimepiga simu, Bupe anapokea, anasema, "Mama amelala," nikiuliza sokoni anasema, "Haendi." Sosthenes anasema meza yako imefunikwa turubai. Umeumwa? Amekufukuza? Na mawe yangu yako wapi? Napimia vitunguu kwa jiwe la mtoni, wateja wananiita mwizi, na mimi siwezi kuwaambia mawe yangu yamekwenda kanisani Mbeya.

Lea, utani pembeni. Niandikie hata mstari mmoja. Kitenge kile bado ninacho na sitaki kukitazama.

Dada yako,
Sabina


Mwanjelwa, Mbeya
7 Septemba 2025

Dada yangu mpendwa Sabina,

Bwana asifiwe. Nakusalimu kwa upendo mwingi, na nakuomba radhi kwa kukutia hofu. Siumwi, dada. Hilo ndilo tatizo lenyewe. Siumwi na hakuna anayeniamini.

Siku ile mama mkwe alipoketi na mawe yako, nilipiga magoti nikamwambia yote. Daktari, presha, sukari, kindoo, nguruwe. Nikamwambia, "Mama, nimepungua kwa makusudi. Niko mzima kuliko mwaka jana." Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Mwaka ule ulivaa sweta tatu. Nikakuuliza, mwanangu, una nini? Ukasema, sina kitu mama, niko mzima. Leo umevaa chuma. Nakuuliza una nini, unasema uko mzima." Akafuta macho. "Mtu mzima hafichi uzito wake, Lea."

Ni kweli kila neno.

Nikamwonyesha kadi ya kliniki. Akasema karatasi zangu za mwaka ule nazo alinikuta nimezichimbia chini ya godoro. Ezron akajikaza siku moja, akasema, "Mama, daktari ana haki yake." Mama mkwe akamjibu, "Wewe ulikuwa Tunduma kwenye kazi yako ya matofali wakati mimi nafukia makohozi ya mkeo." Ezron akatoka nje, na tangu siku hiyo hajasema tena.

Sasa sendi sokoni. Ameniwekea kiti jikoni karibu na moto. Saa moja uji wa ulezi na karanga, saa nne maziwa, mchana ile sahani ya maua, saa kumi tena. Anakaa mbele yangu mpaka nimalize. Hanigombezi, dada. Afadhali angenigombeza. Ananiimbia nyimbo za usharika, zile alizoniimbia nilipokuwa ninakufa, na analala kwenye mkeka kando ya kitanda changu ili asikie kama nakohoa. Wiki iliyopita pilipili ilinipalia, nikakohoa mara moja. Akaamka amesimama.

Jumatano nilimwambia kwa sauti, nilishachoka, nikasema, "Mama, mwili ni wangu!" Akaweka kijiko chini taratibu. "Ulikuwa wako," akasema. "Ukauacha ufe. Huu wa sasa niliuomba mimi, na usharika mzima ni shahidi. Unaupunguza kwa ruhusa ya nani?"

Nikachukua kijiko nikala.

Nikimkimbia na kwenda kwako, nimemuua. Nikisimama kanisani niseme mizani ilikuwa ya uongo, nimemvua nguo mbele za watu, na mahindi yake aliyoyabeba kwa debe yatakuwa yametolewa kwa kilo za chuma. Nikikaa, sukari inaingia ndani, haibishi hodi tena. Kliniki yangu ni tarehe 18. Kwa mizani ya Silvester, nilipotoroka dakika kumi tu, nimerudi tisini na tatu. Magoti yameanza kuniita tena majina.

Mawe yako anayo yeye. Ameyafunga kwenye kona ya khanga yake. Kila asubuhi kabla ya uji anayaweka kiganjani, anaomba, "Bwana, hizi ndizo kilo za mwanangu zilizopotea, zirudishe." Siwezi kumnyang'anya. Nisamehe kwa vitunguu vyako.

Nimefikiri ni nani anayeweza kusikilizwa naye, nikaona ni wewe. Anakumbuka ulivyokuja ukalia naye jikoni, kila mara anasema, "Dada yako Sabina hana uongo." Basi usiniandikie mimi. Mwandikie yeye. Mwambie mawe ni yako na shauri lilikuwa lako, maana mimi nikisema anadhani nakusingizia. Mwambie na habari ya kitenge cheusi, kwamba uliogopa kama yeye, na kwamba sasa unaogopa tena, lakini si kikohozi. Mwombe twende naye kliniki hiyo tarehe 18, aingie ndani kwa daktari, aulize mwenyewe kwa mdomo wake. Bupe atamsomea. Andika herufi kubwa, na usitie utani.

Jambo moja nimesahau. Jumapili alitoa uzi mweusi, akanifunga mkononi kama zamani, akasema ukilegea atajua. Haujalegea, dada. Umeanza kubana.

Sosthenes anapita Jumanne. Nijibu mapema.

Ni mimi mdogo wako,
Lea